Tupeane uzoefu: mkoani kwako hela ya simu inazunguka au inatolewa yote?

Wakuu, TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) inatoa takwimu za laini za simu mkoa kwa mkoa, na Dar ndiyo kinara. Sawa, ila idadi ya laini hainiridhishi: mtu mmoja ana tatu, mwingine anaazima simu ya mumewe. Kipimo changu ni hiki: elfu kumi ikiingia kwenye simu, inabaki humo kiasi gani? Semeni mlipo.

Mkulima wa Laela (Rukwa)
Msimu wa mahindi mnunuzi anaturushia hela kwenye simu. Basi kijiji kizima kwa wakala, na saa nne asubuhi keshi imemwishia, anapanda bodaboda kufuata nyingine mjini. Hatuachi hela kwenye simu kwa sababu dukani wanataka noti, na mwenye duka naye wa jumla anamdai noti. Kwenye takwimu nadhani tunaonekana wa kidijitali kwelikweli.

Binti Kariakoo
Usidhani Dar tumefika. Lipa namba imebandikwa kila kibanda, lakini ukitaka kulipa kwa simu unaambiwa, "dada, weka na ya kutolea." Kuna fundi cherehani wangu, tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 alisema hataki tena hela ya simu. Tozo zikapunguzwa, yeye hajarudi.

Lodwar Yetu
Majirani, huku Kenya sensa ya 2019 iliuliza hadi nani hununua bidhaa mtandaoni. Nchi nzima ikapatikana asilimia 4.3, na wanaotumia intaneti 22.6. Sasa njoo soko la mifugo hapa Turkana: mzee anauza mbuzi, analipwa kwa M-Pesa kwenye kabambe (simu ndogo ya vitufe), anamtumia bintiye karo hapohapo. Hajagusa intaneti, kwa hiyo kwenye jedwali hilo ni sifuri!

Wa Uvinza (Kigoma)
Sisi bado tuko kwenye kusaka mtandao, kuna kichuguu kimoja ndipo unashika. Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini, tunasubiri wetu.

Mwanzisha mada
Lodwar, hiyo ya mbuzi imenigusa. Kumbe tunapima kifaa badala ya muamala. Watu wa Mtwara mbona kimya? Hela ya korosho ikishaingia benki, mnaihamishia kwenye simu au mnapanga foleni ATM?