MREJESHO: DVD za harusi zilizogoma kwenye deki ya mama

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuliona swali langu: nilichoma video ya harusi ya mdogo wangu kwenye DVD tano. Kwenye laptopu zote zilicheza, lakini deki ya mama kijijini ilizungusha, ikakwaruza kidogo, kisha ikaandika NO DISC.

Wengi mlisema lenzi imechafuka. Nikaifuta taratibu kwa pamba na spiriti, hali ikawa ileile. Ila DVD ya filamu ya dukani ilicheza vizuri tu, kwa hiyo lenzi haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye uchomaji. Nilikuwa nimelitupia faili la MP4 kwenye diski kama mtu anavyojaza flashi. Deki ile ya zamani haisomi MP4; inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye faili za VOB (faili za video za mfumo wa DVD), na picha iwe MPEG-2, yaani aina ya video inayotumika kwenye DVD. Tena sikuifunga diski baada ya kuchoma (finalize, yaani kuikamilisha ili deki ziweze kuisoma). Kompyuta nyingi huvumilia hilo, deki nyingi hazivumilii. Aliyeniuliza kuhusu kufunga diski, asante sana, wewe ndiye uliyenifungua macho.

Nikaandaa upya kwa DVDStyler (programu ya kutengeneza DVD za video), kwa mfumo wa TV wa PAL, picha ya pikseli 720 kwa 576, nikachoma DVD-R kwa kasi ya 4x badala ya 16x, nikazifunga zote.

Jumamosi mama alinipigia, vigelegele vya harusi vikisikika nyuma yake. Nimefurahi mno. Moja bado inakwama katikati, hiyo nitaichoma tena kwenye diski nyingine.