Tumeshinda 2-1 uwanja wa Nyamagana, lakini yale maamuzi ya kocha mnayaonaje?

Mdau wa Mabatini

Wakuu, salaam. Tumeingia nusu fainali, na wapinzani wetu wa jana, Igoma, wamerudi kwao mikono mitupu. Nimefurahi kama nyie wote. Ila kuna mambo yamefanyika kwenye benchi letu jana ambayo yananinyima amani, na naomba tuyaongee kabla ya Jumamosi, tusiyafunike kwa sababu tumeshinda.

Kwa ambao hawakuwepo: tulianza 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Hadi mapumziko ni 1-1. Namba sita wetu, yule kiungo mkabaji, alikula kadi ya njano dakika ya 38. Winga wa kulia aliumia kifundo dakika ya 41, akapigwa barafu pembeni, akarudi uwanjani, kipindi cha pili akaanza vilevile, dakika ya 55 ndipo akatolewa. Dakika ya 63 kocha akamtoa namba sita, akaingiza mshambuliaji wa pili. Ukihesabu hapo tuna washambuliaji wanne na viungo wawili tu. Dakika ya 71 huyo aliyeingia akafunga. Dakika ya 76 akatoa wawili kwa mpigo, namba kumi (kiungo wa juu) na namba tisa (mshambuliaji wa kati), akaingia beki wa kati wa tatu na kiungo mkabaji. Tukawa 5-4-1.

Dakika ya 84 beki wa kushoto akashika nyuma ya paja na kukaa chini. Tuna sub moja (mchezaji mmoja wa kubadilisha) mkononi, lakini mwamuzi wa akiba anakataa. Tukamaliza na watu kumi wazima, na mwingine mmoja anachechemea. Igoma wakapata kona tano, wakagonga nguzo mara moja, na ule mpira wao wa kichwa uliotolewa kwenye mstari wa goli.

Swali langu: kumtoa mkabaji dakika ya 63 ilikuwa akili au kamari? Na kwa nini tulikataliwa sub ya tano?

Kanuni Kwanza

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu nimesikia watu wanamlaumu mwamuzi, na mwamuzi hana kosa hata kidogo.

Kanuni za mashindano haya zinaruhusu wachezaji watano kubadilishwa, lakini mchezo unasimama kwa ajili yako mara tatu tu. Ndiyo utaratibu wa ligi kubwa, ulioingia kwa muda mwaka 2020 wakati wa Corona na kufanywa wa kudumu mwaka 2022. Hesabu yetu ni hii: dakika ya 55 mara ya kwanza, ya 63 mara ya pili, ya 76 mara ya tatu. Wachezaji wanne, nafasi tatu, basi. Yule wa tano anabaki na bibu yake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo benchi letu limelipoteza: mabadiliko ya wakati wa mapumziko hayahesabiwi kwenye zile mara tatu. Ni ya bure. Winga aliumia dakika ya 41. Namba sita alikuwa na njano tangu dakika ya 38. Wote wawili walitakiwa kuamuliwa kule vyumbani, siyo dakika ya 55 na ya 63. Angetolewa hata mmoja tu kati yao wakati wa mapumziko, dakika ya 84 tungekuwa na nafasi ya kumwingiza beki mzima.

Jingine dogo: timu zote mbili zikibadilisha kwa wakati mmoja, kila timu inahesabiwa mara moja. Kuna waliodhani ile ya dakika ya 76, kwa kuwa Igoma nao walibadilisha, sisi hatukuhesabiwa. Tulihesabiwa.

Namba Kumi Pasiansi

Mimi kwenye dakika ya 63 namtetea kocha kwa moyo wote, na naomba tutazame alichokiona.

Igoma walikuja na mshambuliaji mmoja mbele na viungo watatu. Beki zao mbili za kati zilikuwa zinamkaba namba tisa wetu peke yake: mmoja anaruka naye, mwingine anasubiri nyuma kuokota mpira unaodondoka. Kipindi cha kwanza chote kila mpira mrefu wa kipa wetu uliishia kwa yule wa nyuma. Hapo hata ukiongeza kiungo wa nne hupati kitu, kwa sababu tatizo liko kwenye mpira wa pili.

Alipoingia mshambuliaji wa pili, beki zile zikawa mbili kwa wawili. Goli lenyewe ndivyo lilivyokuja. Faulo karibu na mstari wa kati, kipa wetu kapanda kuipiga. Zulia la Nyamagana saa kumi na moja jioni limekauka, mpira ukidunda pale unaruka juu kuliko kwenye majani. Beki wao akausubiri udunde, na hilo ndilo kosa. Ukampita usawa wa paji la uso, namba tisa akaugusa kwa kichwa, yule aliyeingia alikuwa ameshaanza kukimbia hatua tatu nyuma yake. Mguso mmoja kwa kifua, wa pili nyavuni. Beki wa pili hakuwepo wa kuokota kwa sababu safari hii alikuwa na mtu wake wa kukaba.

Hiyo siyo bahati, wakuu. Imepangwa.

Dada wa Kirumba

Kaka Pasiansi, goli limepangwa, nakubali. Ila kati ya dakika ya 63 na ya 71 mlikuwa mnaangalia mbele tu. Nyuma nani alikuwa analinda?

Alipotoka namba sita, zile mita kumi na tano mbele ya beki zetu za kati hazikuwa na mwenyewe. Namba nane alikuwa anavutwa kushoto kumsaidia beki, namba kumi hana desturi ya kurudi. Ndani ya dakika nane Igoma walipiga mashuti matatu kutoka nje ya boksi, yote kutoka eneo lilelile, kidogo kulia mwa nusu duara. Mawili yakapaa, moja kipa akalipangua likawa kona. Wangekuwa na mpigaji mmoja mzuri tungekuwa tunaongea mengine hapa.

Ukitaka kucheza na washambuliaji wawili bila mkabaji, lazima mtu alipe. Mawinga warudi ndani usawa wa namba nane mpira ukipotea, na beki za pembeni zote mbili zibaki nyuma, au apande mmoja tu. Jana zote mbili ziliendelea kupanda kama vile namba sita bado yupo. Hayo ni maelekezo ya sekunde kumi tu pale mstarini, na hayakutolewa.

Kumtoa mwenye njano ni sawa. Kumtoa bila kumpa mtu mwingine kazi yake ndiyo kamari yenyewe.

Mdau wa Mabatini

Dada, hapo umenigusa. Nilikuwa nimeona mashuti lakini sikuwa nimeunganisha na beki za pembeni.

Msaidizi wa Mstari

Mnaongelea dakika ya 63, mimi kilichonitisha ni dakika ya 84 hadi ya 86. Pale ndipo tulipokaribia kufa na sioni mtu anapagusa.

Beki wa kushoto aliposhika paja, alisimama, akajaribu kurudi kwenye nafasi yake akiburuta mguu. Wenzake wanne wa nyuma walipanda kwa pamoja kumweka mshambuliaji wa Igoma kwenye kuotea. Walipanda vizuri kabisa. Lakini majeruhi wetu alikuwa bado mita nne nyuma yao. Mchezaji aliyeumia akiwa ndani ya uwanja anahesabiwa kama mwingine yeyote, kwa hiyo yeye ndiye aliyemhalalisha yule mshambuliaji. Pasi ikapita katikati, akabaki na kipa, akagonga nguzo. Kibendera kilibaki chini na kilikuwa sahihi.

Na msidhani angejiburuta tu kupita mstari wa goli ingesaidia. Beki akitoka bila ruhusa ya mwamuzi anahesabiwa kuwa yuko kwenye mstari wa goli, mpaka mchezo usimame, au timu yake iucheze mpira kuelekea mstari wa kati na uwe umetoka nje ya boksi. Dawa ni moja: aliye karibu na mpira aupige nje kwa nguvu, kepteni amwite mwamuzi, majeruhi atoke kwa ruhusa. Mwamuzi akisharuhusu, hahesabiwi tena kwenye kuotea.

Kumpeleka majeruhi mbele dakika ya 86, kama alivyofanya kocha, kuna faida yake. Akisimama upande wetu, hatua moja kabla ya mstari wa kati, hawezi kuotea, na beki mmoja wa Igoma atalazimika kubaki naye. Ila ni dakika mbili tulichelewa.

Namba Kumi Pasiansi

Niongeze kwenye hilo. Alipopelekwa mbele, namba 11 ndiye aliyeshushwa kuwa beki wa kushoto. Winga hajui kulinda nguzo ya mbali: anaangalia mpira tu, mtu anampita mgongoni. Ule mpira wa kichwa uliotolewa kwenye mstari aliupiga mtu wake.

Tulikuwa na beki watatu wa kati. Mmoja angesogea kushoto, tukabaki na wanne nyuma na wanne mbele yao, namba 11 akalinda pembeni kwa juu, pale ambapo krosi zinaanzia. Hapo tungezuia krosi yenyewe badala ya kungoja iingie ndani.

Mkanda wa Barafu

Kuhusu paja. Tangu dakika ya 70 yule kijana alikuwa ameacha kupanda, na kila mpira ukitoka alikuwa anainama na kushika nyuma ya goti. Msuli wa nyuma ya paja mara nyingine unatoa taarifa kabla haujavutika: hatua zinafupika, mtu anakimbia bila kunyoosha mguu, anaanza kuujaribu kwa kuupiga teke hewani. Amepanda na kushuka kwenye zulia lenye joto tangu saa kumi. Kabla ya kutumia nafasi ya tatu dakika ya 76, msaidizi alitakiwa kuwauliza mabeki wote kwa ishara, dole juu au dole chini. Ni hilo tu.

Na jambo lililoniuma zaidi: baada ya mechi nimeona anakandwa kwa nguvu na dawa ile ya moto. Jamani, msifanye hivyo. Msuli uliochanika ukisuguliwa na kupashwa joto siku ya kwanza, damu inazidi kuvuja ndani. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, isigusane na ngozi, dakika 15 hadi 20, kisha ipumzishwe na kurudiwa baada ya saa mbili au tatu. Bandeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe. Asinyooshwe kwa nguvu. Akiona rangi ya bluu kama wino inashuka kuelekea goti, au akishindwa kukanyaga, aende hospitali akapimwe.

Jumamosi hachezi. Hata akisema yuko fiti, msimsikilize.

Dada wa Kirumba

Kwa wanaosema tusimkosoe kocha aliyeshinda: kumbukeni Louis van Gaal, Kombe la Dunia 2014. Robo fainali na Costa Rica alitunza sub moja mpaka dakika ya 120, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu, Krul akapangua mbili, Uholanzi wakapita 4-3. Dunia nzima ikamsifu. Siku nne baadaye, nusu fainali na Argentina, sub zake tatu, ndizo zilizoruhusiwa wakati ule, zilikuwa zimeisha. Krul akakaa benchi akiangalia, Argentina wakashinda penalti 4-2. Kocha ni yuleyule na wazo ni lilelile, ila mara ya pili mfuko ulikuwa mtupu.

Na hapa kwetu, Mbao mwaka 2017 waliifunga Yanga 1-0 pale Kirumba nusu fainali ya Kombe la FA. Fainali Dodoma wakaenda hadi muda wa nyongeza na Simba, wakafungwa 2-1. Mechi ya mtoano inaweza kufika dakika ya 120. Sisi jana kama Igoma wangesawazisha, tungeingia dakika 30 nyingine na mguu mmoja mbovu. Kanuni Kwanza, hapo ingekuwaje?

Kanuni Kwanza

Sub ambazo hazijatumika zinahamia muda wa nyongeza, na nafasi ambazo hazijatumika vilevile. Sisi tulikuwa na sub moja bila nafasi. Hata hivyo, mabadiliko kabla ya kuanza muda wa nyongeza na katikati yake hayahesabiwi kwenye nafasi, kama ilivyo mapumziko. Kwa hiyo angeingia beki mzima pale mwanzoni. Lakini ungefika huko ukiwa umeshafungwa la pili.

Mdau wa Mabatini

Nashukuru sana wakuu. Nitamfikia msaidizi wa kocha leo jioni, ni mtu msikivu. Nimeandika haya ya kumpelekea, nisahihisheni:

Awe na karatasi yenye visanduku vitatu, kila mchezo ukisimama kwa mabadiliko anaweka alama na dakika. Mwenye njano na mwenye jeraha wajadiliwe mapumziko, siyo baadaye. Kisanduku cha tatu kisiguswe kabla ya dakika ya 80 isipokuwa kwa jeraha, na kikiguswa zitumike sub zote zilizobaki kwa pamoja.

Msaidizi wa Mstari

Ongeza kipa. Nafasi zikiisha na kipa akaumia, mchezaji wa ndani ndiye atakayevaa glovu. Inaruhusiwa, mradi mwamuzi ataarifiwa na mchezo uwe umesimama. Ajulikane kabla ya mechi ni nani, na jezi ya rangi tofauti iwepo kwenye begi.

Namba Kumi Pasiansi

Na Kirumba, tunapocheza Jumamosi, ni majani, siyo zulia. Mpira utadunda chini na mvua ikinyesha asubuhi utakwama. Ule mpira mrefu wa kipa hautatoa goli kama la jana. Washambuliaji wawili sawa, lakini mpira uende miguuni, na namba sita abaki uwanjani. Njano yake ya jana peke yake haimzuii.

Mdau wa Mabatini

Nimeongeza yote mawili. Limebaki la beki wa kushoto. Nampendekeza yule beki wa kati wa tatu aanze pale, asipande kabisa, na winga wa kushoto apewe upande wote wa juu.