WPF, Qt au Electron: ipi inakaa vizuri kwenye skrini za aina zote?

kibanzi: Wakuu, salaam. Naandika upya programu ya stoo. Ya sasa, kwenye laptopu vitufe vinakatwa. Kwenye monita ya bosi maandishi ni madogo kama chawa. Nichukue WPF, Qt au Electron, kati ya hizi zana za kuundia madirisha ya programu? Jibu linatakiwa Ijumaa.

mzee_wa_kodi: Ya sasa imeandikwa kwa kutumia zana gani? Ni Windows tu au na Linux? Skrini zina pikseli ngapi, na skeli (kiwango cha kukuza maandishi na vitufe) imewekwa asilimia ngapi? Bila hayo tunapiga ramli.

nyundo7: WPF, mjadala umefungwa. Kipimo chake ni 1/96 ya inchi, si pikseli. Inajikuza yenyewe.

fundi_chuma: Ufungue kidogo. WPF ukiiacha ilivyo inafuata skeli ya monita kuu tu. Buruta dirisha hadi monita yenye skeli nyingine uone: Windows inalivuta kama picha, maandishi yanakuwa na ukungu. Lazima utangaze PerMonitor (yaani ifuate skeli ya kila monita) kwenye manifesti, faili linaloieleza programu kwa Windows, na .NET Framework, msingi unaoendesha WPF, iwe 4.6.2 kwenda juu.

dada_pikseli: Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, tulinunuliwa programu ya stakabadhi. Aliyeitengeneza alikuwa na skrini kubwa, akaliwekea dirisha kimo cha pikseli 800, lisiloweza kupunguzwa wala kushushwa kwa skrolu. Sisi laptopu zetu zote 1366×768. Kitufe cha "Hifadhi" kikawa chini ya skrini, hakionekani. Wenyeji tulikariri: Tab mara kadhaa, halafu Enter. Akaja mgeni, akazidisha Tab moja, akaangukia "Futa". Stakabadhi za asubuhi nzima zikaenda. Tukapiga simu kwa muuzaji, tukajibiwa tununue monita! Hapo hata ungetumia Qt usingepona, maana dirisha lenyewe lilipigwa misumari.

kibanzi: Ni WinForms (zana ya zamani ya Microsoft ya kuundia madirisha), Windows tu. Laptopu ni hizo hizo 1366×768, ya bosi ni 3840×2160. Skeli sijacheki.

mzee_wa_kodi: Hiyo ndiyo inayoamua, bwana. 1366×768 kwa 125% inakuachia nafasi ya kama 1093×614 tu. Ya bosi kwa 150% ni 2560×1440. Panga fomu zitoshee ile ndogo kwanza. Na huenda huna haja ya kuandika upya: tumia vya WinForms yenyewe vya kupanga na kukuza fomu, TableLayoutPanel, Dock, AutoScaleMode, basi.

fundi_chuma: Ila WinForms usifungue fomu kwenye Visual Studio (programu ya kuandikia kodi) ikiwa skeli yako ni 150%. Inaandika upya vipimo vyote, na mwenzako wa 100% akifungua anakuta vurugu. Ile onyo ya njano juu watu huifunga bila kuisoma.

nyundo7: Ndiyo maana nasema WPF.

chapuo: Electron jamani. CSS, lugha ya kupamba tovuti, unaijua tayari, aikoni weka SVG (picha zisizoharibika zikikuzwa), umemaliza.

mzee_wa_kodi: Umebeba Chromium nzima, kivinjari kizima ndani ya Electron, ili kuhesabu magunia? Na hizo laptopu zina kumbukumbu kiasi gani?

chapuo: Kila mtu anasema hivyo huku amefungua VS Code ya kuandikia kodi, nayo ni Electron.

dada_pikseli: 😂 Lakini Qt hamjaitendea haki. Qt 5 ilikuwa inakadiria, 150% inageuka 200%. Qt 6 inachukua 150% kama ilivyo, na haihitaji kuwashwa.

kibanzi: Qt leseni yake ni bure?

chapuo: Sehemu kubwa ni LGPL (leseni huria), unaweza kuuza programu yako ukifuata masharti yake.

nyundo7: Hayo masharti ndiyo yaanzishiwe uzi wake.

mzee_wa_kodi: Kibanzi, skeli je?