RG34XX au Miyoo Mini Plus kwa michezo ya Game Boy Advance?

Swali: Ndugu zangu, nataka konsoli ya mkononi ya kuchezea michezo ya zamani, hasa ya Game Boy Advance na kidogo ya PlayStation ya kwanza. Kati ya Miyoo Mini Plus na Anbernic RG34XX, ipi inafaa zaidi?

Jibu: Mkuu, anza na kioo. Game Boy Advance ilitoa picha ya pikseli 240 kwa 160, na kioo cha RG34XX kina 720 kwa 480, yaani mara tatu kamili kila upande, hivyo kila nukta hukaa mahali pake na hata maandishi madogo husomeka bila ukungu. Kioo cha Miyoo ni 640 kwa 480: picha ama hukuzwa mara mbili tu na kuzungukwa na ukingo mweusi, ama hunyooshwa, na mandhari yanaposogea utaona nukta nyingine zimenenepa kuliko jirani zake. Hilo huniudhi sana.

Jibu: Naafiki, ila michezo ya PlayStation ilitengenezwa kwa televisheni za uwiano wa 4 kwa 3, ambao ndio wa Miyoo. Kwenye RG34XX kutabaki nafasi tupu kushoto na kulia.

Muulizaji: Ahsanteni. Kwa kuwa Advance ndiyo nitakayocheza zaidi, nachukua RG34XX.