Mwanangu aambiwe ni Mjapani au ni nani? Naomba ushauri: uraia, jina na shule (baba Mtanzania, mama Mjapani)

Baba_Hana:
Wakuu, salaam. Nipo Saitama, mke wangu ni Mjapani. Binti yetu amezaliwa hapahapa na anaanza darasa la kwanza Aprili ijayo. Wa pili tunamtarajia mwishoni mwa Oktoba, na mama yake anataka kujifungulia Moshi, kwa bibi wa watoto. Yanayonisumbua ni haya: huyu atakayezaliwa Moshi atakuwa Mjapani sawa na dada yake? Watalazimika kuchagua uraia lini? Tumpe jina gani lisilomtesa huku wala kule? Na shuleni, nywele za binti ni za kwetu kabisa, tujiandae vipi? Kubwa kuliko yote, keshaanza kuuliza kama yeye ni Mjapani au hafu (yaani nusu, mchanganyiko). Naomba majibu ya watu wanaoyajua haya mambo. Nawasilisha.

Karani_wa_Koseki:
Mkuu, anza na hili la Moshi, maana ndilo lenye saa inayokimbia. Sheria ya Uraia ya Japani, kifungu cha 12, inasema mtoto aliyezaliwa nje ya Japani akipata uraia wa Japani pamoja na wa nchi nyingine kwa kuzaliwa, wazazi wana miezi 3 tu ya kutangaza kwamba anauhifadhi ule wa Japani. Isipofanyika, anahesabiwa kuwa hakuwahi kuwa Mjapani tangu siku aliyozaliwa. Mkubwa wako amezaliwa Saitama, kwa hiyo kifungu hiki hakimgusi. Mdogo kinamgusa moja kwa moja.

Siku ya kuzaliwa yenyewe inahesabiwa. Akizaliwa tarehe 23 Oktoba, mwisho ni tarehe 22 Januari, si 23. Fomu ni ileile ya kuandikisha kizazi, *shussei todoke*. Inayotumika nje ya nchi ina mstari unaosema mnahifadhi uraia wa Japani, na lazima usainiwe. Watu hujaza fomu nzima vizuri, wakaruka mstari huo. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi Tanzania) na tafsiri yake ya Kijapani. Tafsiri mnaweza kuifanya wenyewe, mradi jina la mtafsiri liandikwe. Kinachokwamisha wengi ni cheti: wanakifuatilia wiki ya kumi, kinatoka na herufi moja ya jina la mama tofauti na pasipoti, wanaanza upya huku siku zinaisha. Kifuatilie mara tu shemeji anapotoka hospitali na mkisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

Mnaweza kupeleka ubalozi wa Japani Dar es Salaam, au kuwatumia ndugu wa shemeji waipeleke manispaa huko Japani. Ya ubalozini hupitia wizara ya mambo ya nje kwanza, kwa hiyo jina la mtoto huchelewa kuingia kwenye koseki, yaani daftari la familia. Bila koseki hakuna pasipoti ya Kijapani, na bila pasipoti hiyo mtoto ataingia Japani kama mgeni. Msikate tiketi ya kurudi kabla ya kuliona jina kwenye koseki.

Miezi 3 ikipita, njia ipo kwenye kifungu cha 17: mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye makazi Japani anaweza kuurudisha uraia kwa kutoa taarifa ofisi ya mambo ya sheria, *hōmukyoku*. Lakini mpaka hapo atakuwa anaishi kwa kadi ya ukaazi ndani ya nyumba ambayo dada yake ni raia. Kwa watoto wanaokua wakiulizwa kila siku ni wa wapi, tofauti hiyo si ndogo.

Mzee_wa_Vifungu:
Hapo juu pako sawa. Kuhusu kuchagua, kaka, kuna tarehe mbili na Watanzania wengi huijua moja.

Tangu tarehe 1 Aprili 2022 umri wa utu uzima Japani ni 18. Aliyekuwa na uraia pacha kabla ya kufika 18 anatakiwa kuchagua kabla ya kutimiza 20. Zamani ilikuwa 22, ndiyo maana mcheza tenisi Naomi Osaka alichagua Japani mwaka 2019, karibu na siku yake ya kutimiza miaka 22. Kwa Tanzania ni mapema zaidi: Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mtoto mwenye uraia pacha anapofika 18 anaupoteza wa Tanzania asipoukana ule mwingine. Kwa hiyo kwa wanao tarehe inayouma ni 18. Akinyamaza tu, umekwenda wa Tanzania, na Wajapani hata hawajamuuliza.

Upande wa Japani, kuchagua hufanyika manispaa kwa tamko liitwalo *kokuseki sentaku todoke*. Baada ya tamko sheria inamtaka ajitahidi kuukana uraia mwingine. Kupitisha umri bila kuchagua hakumvui mtu uraia wa Japani papo hapo, ila ni kuvunja wajibu wa kisheria, na waziri wa sheria ana mamlaka ya kumwandikia achague ndani ya mwezi 1.

Kinachomvua papo hapo ni kifungu cha 11: kupata uraia wa nchi nyingine kwa kuuomba kwa hiari. Kama mtoto tayari ni Mtanzania kwa kuzaliwa, kumchukulia pasipoti ya Tanzania ni kuthibitisha kitu alichonacho. Lakini mzazi akienda kumwombea mtoto uraia kwa fomu ya kuandikishwa, hilo ni ombi, na Japani hulihesabu kama hiari yake hata kama aliyesaini ni baba. Afisa yeyote akikupa fomu, muulize kwanza: hii ni ya kuthibitisha au ya kuomba? Hujapata jibu la wazi, usisaini.

Nyali_254:
Kwa Wakenya wanaosoma huu uzi, kwetu ni tofauti. Katiba ya 2010 inamtambua mtoto wa mzazi Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa hata akizaliwa Nagoya, na uraia pacha unakubalika. Ila sheria ya 2011 inamtaka mwenye uraia pacha aujulishe ndani ya miezi 3, na kutojulisha ni kosa. Wajibu wa kuchagua upande wa Japani unabaki palepale. Kukubaliwa na Kenya hakuufuti.

Mama_Majina:
Jina sasa. Baba Hana, hujasema ukoo wako, lakini umetaja Moshi, kwa hiyo nalisema wazi. Kama ni Mushi, kwa Kijapani *mushi* ni mdudu. Kama ni Shirima, silabi mbili za kwanza zinasikika kama *shiri*, makalio. Ni koo za heshima, na mtoto ajue hivyo nyumbani. Lakini watoto wa miaka saba darasani hawatamwacha. Angalia upande wa pili pia: *kuma* kwa Kijapani ni dubu, na sauti hiyo imo ndani ya majina mazuri ya kiume kama Takuma. Bibi wa Moshi hataweza kuliita jina hilo mbele za watu. Kila jina mnalolipenda lisomwe kwa sauti na bibi wa Moshi na bibi wa Saitama kabla ya kuandikwa.

Ukoo: kuoana na mgeni hakubadilishi ukoo wa Mjapani. Mkeo alikuwa na miezi 6 tangu ndoa ya kuchukua ukoo wako kwa taarifa tu manispaa. Ikipita, ni mahakama ya familia. Mtoto huingia koseki ya mama na kufuata ukoo wa mama. Mkitaka mtoto peke yake abebe ukoo wa baba, hiyo nayo ni mahakama ya familia.

Jina lenyewe: koseki haina nafasi ya jina la kati. Mkiandika Hana Neema, yanaungana na kwenye pasipoti yatatoka HANANEEMA. Herufi za Kirumi hazikubaliki. Ni hiragana, katakana, au kanji zilizoruhusiwa kwa majina. Halafu kuna L na R. Kijapani hakizitofautishi, kwa hiyo Lulu inaandikwa ルル na pasipoti inaitoa RURU. Cheti cha RITA kinasema Lulu. Mtoto mmoja, majina mawili, na kila uwanja wa ndege ni maelezo. Dawa yake ni kuomba tahajia isiyo ya kawaida, *hi-hebon-shiki*, siku ya kwanza kabisa ya kuomba pasipoti, mkionyesha cheti cha kuzaliwa. Pasipoti ya kwanza ndiyo huweka mfano wa zote zinazofuata, na kuibadilisha baadaye ni kazi kubwa. Ukoo wa baba pia unaweza kuombewa uandikwe kwenye mabano pembeni ya ukoo wa mama. Liombeni hilo. Msaada wake utauona siku baba na binti wenye koo tofauti wanapopita uhamiaji pamoja.

Fundi_wa_Misuko:
Shule. Ukaguzi wa afya kabla ya kuanza darasa la kwanza hufanyika vuli, kabla Novemba haijaisha, na barua ya kupangiwa shule hufika kabla Januari haijaisha. Familia nzima ikiwa Moshi miezi hiyo, ijulisheni bodi ya elimu ya manispaa mapema muombe tarehe nyingine. Na kwa safari ya miezi michache msiandikishe kwamba mmehamia nje, maana jina likitoka kwenye *jūminhyō*, orodha ya wakazi, barua haitamfuata.

Nywele. Shule za msingi za serikali mara nyingi hazina shida. Moto huanzia sekondari. Kosa la wazazi ni kusubiri mwalimu alalamike. Ombeni kanuni kwa maandishi kabla ya Aprili. Mwongozo wa wizara ya elimu uliorekebishwa mwaka 2022 unazihimiza shule kuweka kanuni zao wazi mtandaoni, kwa hiyo hamuombi upendeleo. Msiseme misuko ni mtindo, maana neno hilo linaangukia palepale kwenye katazo la urembo. Semeni ni matunzo: nywele zisiposukwa zinakatika na kufungamana. Pelekeni karatasi moja yenye picha tatu: zikiwa wazi, zikiwa zimesukwa, na zikiwa ndani ya kofia ya kuogelea. Shule ikitaka cheti cha nywele za asili, mpeni picha za utotoni, lakini mwambieni mwalimu mkuu kwamba mtoto asiitwe mbele ya wenzake kukaguliwa.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2023 mkoani Hyogo mwanafunzi mwenye baba mweusi alikwenda kwenye mahafali yake ya sekondari amesuka nywele, akakalishwa mbali na wenzake. Tokyo, kwa upande mwingine, iliondoa kanuni ya kulazimisha nywele nyeusi katika sekondari zake za juu kuanzia Aprili 2022. Inategemea shule, ndiyo maana karatasi iende mapema.

Kofia ya kuogelea nunueni ya saizi kubwa, na wiki za bwawa msuko uwe mlalo unaobana kichwa. Rasta zenye shanga hazitaingia. Rangi za kuchorea: ile iliyoitwa *hadairo*, rangi ya ngozi, siku hizi huandikwa *usudaidai* au *pēru orenji*, lakini walimu wengine bado huiita kwa jina la zamani. Mnunulieni kahawia mbili tatu tofauti aziweke kwenye boksi lake.

Bi_Daburu:
Naomba niguse lile alilosema ni kubwa kuliko yote. Hafu ndilo neno la kawaida, na wengi wenyewe hujiita hivyo bila kinyongo. Wazazi wengine hupendelea *daburu*, yaani maradufu, kwa kuwa mtoto hajapungua bali ameongezeka. Mimi naliona zuri ila linamtwika mzigo: mtoto asiyejua Kiswahili sawasawa huanza kujiona ameshindwa kuwa daburu. *Mikkusu*, mchanganyiko, nalo linatumika. *Ainoko* ni tusi, asilizoee. Msimchagulie. Mpeni maneno yote, aone lipi linamkaa.

Swali la kama ni Mjapani lina jibu fupi, na apewe hivyohivyo: ndiyo. Koseki ya mama yake ina jina lake; haisemi nusu. Hilo ni jambo la sheria, na tangu tarehe 1 Januari 1985 mama Mjapani humpa mtoto uraia sawa na baba. Kabla ya hapo ilikuwa kwa baba tu, na watoto wengi wa mama wa Kijapani walikuwa wageni katika nchi ya mama zao. Kutoka hapo muongezee la pili: na baba ni Mtanzania, kwa hiyo Moshi nako ni kwenu. Visimfikie kama vitu viwili vinavyogombana.

Mfundishe sentensi za mdomoni, maana ataulizwa na watu wasio na nia mbaya. *Doko kara kita no?* Umetoka wapi? Jibu: *Saitama desu.* Akibanwa zaidi: *Umare mo sodachi mo Saitama desu*, nimezaliwa na kukulia Saitama. Habari za baba azitoe akipenda yeye. Fanyeni mazoezi nyumbani mpaka yatoke bila machozi.

Na tafadhali, mifano isiwe wanamichezo tu. Rui Hachimura wa Toyama, mwenye baba wa Benin, ni wa kujivunia, lakini mtoto akisikia majina hayo peke yake anaelewa kwamba ili akubalike lazima awe bingwa. Atafuteni pia familia za kawaida kama yenu zilizo karibu, awaone watoto wenzake wanaofanana naye wakigombania bembea.

Baba_Hana:
Nashukuru sana wakuu, nimepiga picha kila kitu. Ukoo ni mmoja kati ya zile mbili alizozitaja Mama Majina, na miezi 6 ilishapita zamani, kwa hiyo watoto wanabaki na wa mama, wangu tutauombea mabano. Swali moja la mwisho. Akikua, polisi wakimsimamisha na kumdai kadi ya ukaazi, naye hana kwa sababu ni raia?

Mzee_wa_Vifungu:
Hutokea, kaka. Chama cha Mawakili cha Tokyo kiliuliza watu wenye asili ya nje kama 2,000 mwaka 2022, na asilimia 62.9 walisema walisimamishwa na polisi ndani ya miaka mitano. Kadi ya ukaazi ni ya wageni, na mgeni wa chini ya miaka 16 hana wajibu wa kutembea nayo. Raia haimhusu kabisa, wala hakuna sheria inayomtaka raia anayetembea kwa miguu awe na kitambulisho. Aseme kwa utulivu *Nihon kokuseki desu*, mimi ni raia wa Japani, kisha aulize sababu ya kusimamishwa: *Riyū wa nan desu ka?* Sheria ya polisi ya 1948, kifungu cha 2, inataka pawepo sababu ya msingi ya kumshuku. Asikimbie, asimguse askari. Akiwa na *My Number Card*, kitambulisho cha namba ya mkazi, mfukoni mambo huisha haraka, ila ajue kwamba anaionyesha kwa hiari.

Akionewa shuleni au njiani, kuna simu ya bure ya haki za watoto ya wizara ya sheria, 0120-007-110. Iandikeni nyuma ya daftari lake la mawasiliano na shule, na mama yake amwonyeshe jinsi ya kupiga.