Feni ya kompyuta inaunguruma na prosesa imepanda: tupeane uzoefu, wa Mtwara na Lindi

Fundi_Shangani

Wakuu, kwema? Joto la mwisho wa mwaka likishakutana na unyevu wa bahari, kompyuta za mezani za steshenari na maofisini zinaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Tupeane mbinu. Ila "nilipuliza ikapona" haitoshi, andika hatua na sababu.

Naanza. Kabla hujashika bisibisi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, bofya safu ya CPU, yaani prosesa, ili wanaokula zaidi wapande juu, kisha acha mashine dakika kumi bila kuigusa. Prosesa ikitulia chini ya asilimia 10 na feni bado inavuma, shida iko kwenye vyuma: vumbi, pesti (krimu ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa) au feni yenyewe. Ikiganda kwenye 60 hadi 100, feni haina kosa, tafuta programu inayoitesa. Watu wanapuliza vumbi mashine yenye virusi, halafu wanapiga Windows upya mashine yenye vumbi.

Na ukikuta System Idle Process ina 95, usihangaike nayo. Hiyo ni nafasi iliyo wazi.

Pwani_Mikindani

Vumbi la huku pwani si kavu. Chumvi na unyevu vinaligandisha, linakaa katikati ya feni na mapezi ya hitisinki (kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kunyonya joto) kama kipande cha sufi ya mto. Ukipuliza kwa juu unaona feni inang'aa, chini yake hewa haipiti. Toa feni kwenye hitisinki, ndipo utaliona.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Tumia brashi mpya ya rangi ya inchi moja na blowa ndogo. Wakati wa kupuliza zuia feni kwa kidole. Ikizunguka ovyo inaua beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Upepo wa kujazia matairi usiutumie, una maji na mafuta ndani. Pawa saplai ipulizie kwa nje tu, usiifungue, kapasita zake zinatunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

Mkorosho_Tandahimba

Kwa sisi wa mikorosho kuna jingine: salfa. Msimu wa kupulizia, unga wa njano unaingia hadi sebuleni, na feni ya kompyuta inauvuta kama kifyonza vumbi. Salfa inakula shaba na fedha ya kwenye saketi, waya unakuwa mweusi. Siku ya kupulizia zima mashine, ifunike kitambaa, na isikae dirishani. Ukishawasha toa kitambaa, maana kuna wanaoiwasha ikiwa imevishwa kitenge halafu wanauliza joto linatoka wapi.

Fundi_Ng'apa

Nakazia kwenye pesti. Pakua Core Temp au HWMonitor, programu za kusoma joto la prosesa, zote zina toleo la bure. Kwa chumba cha nyuzi 30 na ushee, mashine iliyotulia ikisoma 40 hadi 50 ni sawa. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia 100, ndiyo maana mashine inakuwa nzito huku feni inalia. Tazama namba inavyopanda: ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache tangu ufungue kitu kizito, hitisinki haijagusana vizuri na prosesa. Ikipanda polepole kwa dakika kadhaa, hewa haitoki.

Pesti ya zamani futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke kabisa. Mpya weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, hitisinki itaitandaza yenyewe. Ukijaza, inamwagika pembeni bila faida. Na dawa ya meno jamani, hapana. Inakauka mapema, joto linarudi pale pale.

Kwa prosesa za AMD zenye vipini chini yake, washa mashine dakika tano kwanza pesti ilainike, zima na chomoa waya, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta kwa nguvu inang'oka na prosesa, vipini vinapinda.

Steshenari_Chikongola

Upande wa programu. Antimalware Service Executable (ndiyo Defender, kinga ya virusi ya Windows) na Windows Update vikiwa juu baada ya mashine kukaa wiki bila bando, waache wamalize usiku kucha. Kivinjari kikila sana, ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, utaona ukurasa upi ndio mlaji. Mashine za mtumba zenye Intel ya kizazi cha 2 au 3 hazina msaada wa VP9, mfumo wa kubana video unaotumika YouTube, prosesa inafanya kazi yote peke yake. Shusha video hadi 480.

Dalili mbaya ni hii: feni inavuma, ukifungua Task Manager inatulia, ukifunga inavuma tena. Hapo shuku programu inayochimba sarafu za kidijitali kwa siri na kujificha ikichunguzwa. Nyingi huja na vile vifaa vya kufungulia Windows bila leseni. Endesha ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao, mashine itajiwasha upya na kukagua kama dakika 15.

Fundi_Shangani

Nyongeza: feni ikivuma kwa kasi ya mwisho tangu unawasha, angalia plagi. Feni ya pini 3 kwenye tundu la pini 4 mara nyingi haipunguzi kasi. Dell OptiPlex nyingi zina plagi ya pini 5 ya kwao, ukilazimisha ya kawaida utapata "Alert! Previous fan failure".

Mgeni_Masasi

Fundi wa Ng'apa, hitisinki ya Intel yenye miguu minne ya plastiki nimeirudisha, mguu mmoja hauingii. Nausukuma tu?

Fundi_Ng'apa

Usiusukume, mkuu. Rudisha kwanza. Kutoa unazungusha kichwa cha mguu kinyume cha saa na kukivuta juu. Kabla ya kufunga lazima ukirudishe mwendo wa saa, vinginevyo hakishiki. Kisha kandamiza kwa mshazari, wa kwanza na wa tatu, halafu wa pili na wa nne, kila mmoja usikie "ta!". Chungulia nyuma ya bodi, ncha nne za plastiki ziwe zimetokeza sawasawa.