Mama ana kansa ya titi, mbona wanaanza na kemo badala ya kukata?

binti_wa_pili
Wakuu habari zenu. Mama kakutwa na kansa titi la kushoto, uvimbe sentimita 5 na kwapani kuna tezi limevimba ukigusa unalisikia kabisa. Sisi akili yote ilikuwa kwenye operesheni, mpaka tushapangana nani atalala naye wodini, leo tunaitwa tunaambiwa jopo la madaktari limekaa limeamua aanze kemo, zile dawa za kansa za dripu, miezi kama mitano ndo akatwe. Kaka yangu kawaka, anasema wanatuzungusha tu huku ugonjwa unakua. Na mama mwenyewe kwenye hilo jopo hakuingia, wamekaa wao na mafaili. Ni kawaida kweli au tutafute wa kukata haraka?

nesi_wa_zamu
Pole sana dada. Ni kawaida, na kwa saizi hiyo plus tezi la kwapani mi ningeshangaa wangekimbilia kisu. Pale wanakaa daktari wa upasuaji, wa dawa za kansa, wa mionzi, msoma picha na yule wa patholojia aliyekiona kinyama kwenye darubini, kila mtu angekuwa peke yake angevutia kwake. Kemo ikitangulia uvimbe unaweza kusinyaa, aliyekuwa atolewe titi zima akatolewa kipande tu, halafu dawa inazunguka mwili mzima inafuata vile vimbegu vilivyoshatoroka ambavyo kisu hakivifikii. Na mnaona kabisa kama dawa inamkubali, maana ukishautoa uvimbe utapimia wapi?

Ila ulizeni kama wameweka klipu. Ni kichuma kama punje ya ufuta kinaingizwa kwa sindano ndani ya uvimbe, ukiyeyuka wote daktari ajue pa kukata.

mzee_kijiwe
Mi najua kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Mjomba wangu kakatwa, mwaka hakumaliza. Bora dawa tupu.

nesi_wa_zamu
Shikamoo mzee, pole kwa mjomba. Wengi wa hivyo walifika ishasambaa tayari, kisu kikabebeshwa lawama. Uvimbe ukitolewa unapakwa wino pande zote, patholojia anaukata slaisi nyembamba anaangalia, seli za kansa zikigusa wino maana yake kuna zilizobaki, mara nyingi mtu anarudishwa tieta. Hawakati kwa kubahatisha. Na kutoa kipande siyo kubania, Marekani waliwafuatilia wanawake miaka 20, majibu yakatoka 2002: waliotolewa kipande wakapigwa na mionzi waliishi sawa tu na waliotolewa titi zima.

utumbo_nusu
Mi yangu ilikuwa utumbo mpana, nilianza na kisu, kemo ikafuata, kwahiyo dada usilinganishe na jirani, kila kansa na mpangilio wake. Kwenye ripoti yangu waliandika tezi 19 za karibu na utumbo zimepimwa kama kansa imefika huko, daktari akafurahi, anasema zikiwa chini ya 12 huwa hawaridhiki kwamba wametafuta vya kutosha. Mwambie kaka aende mwenyewe aulize, hasira za nyumbani mama anazisikia.

binti_wa_pili
Asanteni jamani. Klipu hawajatuambia kitu, kesho naenda naye huyo kaka akajisikilizie. Kuna na kipimo cha HER2 wanasema hakijatoka.

nesi_wa_zamu
Hicho kinaangalia kama seli za kansa zina protini ya HER2 nyingi kupita kiasi, msikiache, mkingojee kabla ya dripu ya kwanza. Kikija chanya kuna dawa nyingine inaongezwa juu ya kemo.